Majani mazuri juu, chini hamna kitu: viazi mviringo kwenye bustani ya sehemu kavu

Swali lenyewe nalifupisha: "Nina kibustani cha mita 4 kwa 3 nyuma ya nyumba, udongo kichanga, huku ni kukavu na mchana joto linafika nyuzi 34. Nilipanda viazi mviringo kwenye matuta marefu, nikaweka mbolea ya kuku na majivu, kila jioni nikawa namwagia ndoo mbili za lita 20, maji yakikata narukisha hata wiki. Majani yalistawi mpaka watu wanasifia, kuja kuchimba napata vidogo vidogo, vingine vina vinundu kama tangawizi, vingine vimepasuka, ngozi ina upele. Tatizo ni nini, au viazi havitaki sehemu kavu kabisa? Na hivyo vidogo naweza kuvitunza viwe mbegu?"

Haya dada, kwanza nikutoe wasiwasi, ukavu wa hewa sio adui wa viazi. Misri wanalima viazi jangwani na kuuza nje, Idaho kule Marekani kunakosifika kwa viazi nako ni kukavu, wanaishi kwa kumwagilia. Tena hewa kavu inakusaidia, maana ule ugonjwa wa bakajani unaomaliza shamba zima kwa siku chache unapenda majani yaliyolowa na ubaridi, wewe huna shida hiyo sana. Kinachokuumiza ni vitu viwili, joto la udongo na maji yanayokuja na kukatika. Mengine yote uliyoyaona yanatoka hapo, ukiacha mbolea ambayo ntaisema.

Kiazi mviringo sio mzizi, ni shina. Mmea unatoa vijiti vyeupe chini ya udongo vinavyokwenda pembeni, wanaviita stoloni, na ncha ya hicho kijiti ndo inavimba inakuwa kiazi. Sasa ncha ile haivimbi hivi hivi, inasubiri mmea upate ishara kwamba kuna baridi kidogo, hasa usiku. Udongo ukiwa nyuzi 15 mpaka 20 mambo ni mazuri, ukifika 25 kasi inapungua, ukikaribia 30 kazi inasimama kabisa. Na hapo ndo utaona kitu kinachowachanganya watu wengi, mmea haufi wala hauonyeshi kuumwa, unachukua ile sukari unaipeleka juu, majani yanazidi kunenepa, na kuna stoloni nyingine badala ya kuvimba zinageuka kuwa chipukizi zinatokeza juu ya ardhi. Wewe unaona bustani ya kijani unafurahi kumbe chini hakuna kinachoendelea. Usiku ukiwa wa joto, tuseme unabaki juu ya nyuzi 20, ni mbaya zaidi, kwa sababu mmea unachoma usiku chakula ulichotengeneza mchana.

Kwa hiyo kabla hujawaza mbolea wala dawa, waza kalenda. Ukipanda, chipukizi zinatokeza baada ya wiki 2 mpaka 4, halafu wiki nyingine 2 mpaka 4 ndo viazi vinaanza kujifunga, kisha vinajaza kwa wiki 6 mpaka 10 kutegemea na aina. Sasa fanya hesabu ya kurudi nyuma: tafuta kwenye mwaka wenu zile wiki 8 mpaka 10 ambazo usiku ni wa baridi kuliko nyingine zote, halafu panda kama wiki 6 kabla hazijaanza. Watu wengi wa sehemu kavu wanapanda pale wanapoona maji yapo, na mara nyingi maji yanakuwepo wakati joto nalo lipo, unakuwa umepanda kwa wakati mbaya. Kama kwenu baridi inafika mpaka barafu asubuhi, basi usiweke mmea ukiwa na majani pale kati, majani yataungua, badala yake panda wiki 2 au 3 kabla ya barafu ya mwisho, udongo uwe umeshapata walau nyuzi 8 mpaka 10, na ukiona usiku mmoja unatisha funika na shuka kuukuu ukafunue asubuhi.

Aina nayo inahusika. Chukua ya muda mfupi, zile za siku 70 mpaka 90, kwa sababu inamaliza kazi kabla joto halijarudi. Aina ya miezi minne au mitano inaweza kuzaa sana sehemu ya baridi lakini kwako itakuwa bado inajaza wakati udongo umeshachemka.

Tuje kwenye matuta. Matuta marefu ni ushauri wa sehemu zenye mvua nyingi, kazi yake kubwa ni kuondoa maji. Kwako wewe tuta refu jembamba kwenye mchanga linapigwa jua pande mbili na upepo unapita, linakauka na kupata moto kuliko ardhi ya kawaida, na viazi viko humo humo ndani. Sehemu kavu tunageuza: chimba mfereji wa kina cha sentimita 15 mpaka 20, weka mbegu chini, funika na udongo wa kama sentimita 8 hivi, mmea ukirefuka unarudishia udongo kidogo kidogo mpaka mfereji unajaa, mwisho unabaki na kimwinuko kidogo tu cha kuzuia viazi visionwe na jua. Kiazi kikipigwa na mwanga kinakuwa kijani na kinatengeneza sumu ya solanini, hicho usile, kwa hiyo kufunika ni lazima, ila sio lazima kufunika kwa mlima.

Halafu juu yake matandazo. Hapa naomba unisikilize sana kwa sababu kama kuna kitu kimoja tu utakachofanya kwenye jibu lote hili, basi kiwe hiki. Nyasi kavu, mabua, majani makavu, chochote kisicho na mbegu za magugu, tandaza unene wa sentimita 10 mpaka 15 mara mimea ikifika urefu wa kiganja, na ziongeze zikishalala maana zinashuka. Udongo chini ya matandazo unakuwa wa baridi kwa nyuzi kadhaa kuliko ulio wazi, maji hayapotei kwa jua, na ile tofauti ya mchana na usiku haiyumbishi mizizi. Usitumie plastiki nyeusi wakati wa joto, ile inapasha moto udongo. Na kama una neti ya kivuli ile nyepesi ya asilimia 30, ifunge upande wa jua la mchana mpaka jioni tu, jua la asubuhi liache liingie, viazi bila jua haviendi.

Sasa maji, na hapa nataka tupige hesabu yako. Lita 40 ukigawa kwa mita za mraba 12 unapata lita 3 na kitu kwa mita moja ya mraba, yaani maji ya kina cha milimita 3 na kidogo kwa siku. Viazi vikiwa vimefunga majani yote na hali ya hewa kavu vinataka milimita 5 mpaka 7 kwa siku, msimu mzima ni kama milimita 500 mpaka 700. Umeona? Ulikuwa unatoa nusu, tena hiyo nusu unaimwaga juu juu kila jioni, kwa hiyo sentimita 3 za juu zinalowa, jua la kesho linazikausha, na kule chini sentimita 15 ambako viazi viko pamekauka muda wote. Mizizi ya viazi ni mifupi, mingi iko kwenye sentimita 30 za juu, haiwezi kwenda kujitafutia maji chini kama mimea mingine.

Utasema maji yenyewe sina. Basi punguza eneo! Hili watu hawalipendi lakini ndo ukweli. Lita zako 40 kwa siku zinatosheleza mita za mraba 5 au 6 kwa raha, na ukiwa na matandazo zinabaki. Mita 5 za mraba kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 ni kama mashina 22, na shina lililotunzwa vizuri kutoa kilo moja hivi sio ajabu. Mashina 22 yaliyokunywa yanakupa chakula, mashina 50 yenye kiu yanakupa hicho ulichokichimba. Hiyo sehemu nyingine panda kitu kinachovumilia, kunde kwa mfano.

Badala ya kumwaga kidogo kila siku, mwagilia kwa kina. Mchanga haushiki maji mengi kwa hiyo kwako labda kila baada ya siku 2, mwenye udongo wa mfinyanzi anaweza kwenda siku 4 au 5. Usiniulize ratiba ya juu ya karatasi, chimbua na vidole mpaka sentimita 10 mpaka 15, chukua udongo ufinye kiganjani, ukishikana kidogo bado upo sawa, ukimwagika kama ulivyo basi umeshachelewa. Kanuni ni kwamba usiache theluthi moja ya maji ambayo udongo unaweza kuyashika iishe kabla hujarudishia. Mwagilia asubuhi na mapema. Dripu ndo mkombozi kama unaipata, vitundu vikae kila sentimita 20 mpaka 30 na mpira upite chini ya matandazo sio juu. Huna dripu, fukia mitungi ya udongo ule usiopakwa rangi katikati ya mashina, shingo ibaki nje, jaza maji ufunike, yanavuja polepole kadiri udongo unavyokauka. Ya zamani sana hiyo lakini inafanya kazi, mimi naiona bora kuliko chupa za plastiki zilizotobolewa maana zile zinajiziba na mchanga.

Kwenye kukata maji wiki nzima halafu kurudisha kwa wingi, hapo ndo tangawizi zako zilipotoka. Kiazi kikikaukiwa na kupata joto ngozi yake inaanza kukomaa, kinajiona kimemaliza kukua, maji yakija ghafla ukuaji unaanza upya lakini kwenye macho tu, ndo unaona vinundu na mikia, na pengine ndani kukua haraka kunazidi ngozi inapasuka, vingine ukikata unakuta tundu katikati. Sio ugonjwa huo, ni historia ya maji yako imeandikwa kwenye kiazi. Kama unajua tangi linaishaga mara moja kwa mwezi, weka akiba kwa ajili ya zile wiki za viazi kujifunga na kujaza, bora ubane mwanzoni kabla mimea haijashika sana kuliko ubane hapo. Utajuaje vimeanza kujifunga? Aina nyingi inaendana na vichipukizi vya maua, ila nyingine hazitoi maua kabisa, kwa hiyo fukua pembeni ya shina moja na vidole taratibu uangalie ncha za zile stoloni kama zimeanza kuvimba, urudishie.

Na upele nao ni hapo hapo. Ule unaletwa na bakteria wa udongoni anayependa udongo mkavu na usio na tindikali, na anaingia kwenye kiazi kikiwa bado kichanga kabisa. Udongo ukibaki na unyevu kwa wiki 4 mpaka 6 kuanzia viazi vinapojifunga anashindwa kwa sehemu kubwa. Wewe ulimpa ukame halafu ukamuongezea majivu, majivu yanapandisha pH, kile kipimo cha tindikali ambacho kikiwa juu tindikali ni kidogo, na udongo wa sehemu kavu mara nyingi pH yake tayari iko juu ya 7, wakati viazi vinapenda 5 mpaka 6 na ushee. Majivu acha kabisa, chokaa pia. Viazi vyenye upele wa hivyo vinaliwa tu ukivimenya.

Mbolea ya kuku mbichi ina naitrojeni kali pamoja na chumvi. Naitrojeni nyingi inafanya mmea uendelee kujenga majani na kuchelewa kujifunga, ukijumlisha na joto ndo yale majani ya kusifiwa. Tumia mboji iliyoiva vizuri, au samadi iliyokaa miezi mpaka haina harufu, changanya kwenye udongo mapema kabla ya kupanda, kwa mchanga wako weka kwa wingi maana ndiyo inayokushikia maji. Ukitumia ya dukani gawa mara mbili, nusu wakati wa kupanda na nusu mimea ikiwa sentimita 15 mpaka 20, baada ya hapo naitrojeni basi. Potasiamu usiisahau, viazi vinaila sana.

Chumvi niiongelee kidogo. Ukiona unga mweupe juu ya udongo ukikauka na ncha za majani zinaungua, ni chumvi imepanda, viazi haviivumilii. Dawa yake ni mara moja moja kumwagilia mengi zaidi ya kawaida ili yashuke chini ya mizizi, sio vikombe vikombe kila siku maana hivyo ndo unaikusanya. Maji ya kufulia usimwagie, sabuni nyingi zina sodiamu.

Wadudu wa sehemu kavu sio wale wa sehemu za mvua. Wa kwanza ni nondo wa viazi, yule kiwavi wake anachora njia ndani ya majani kisha anaingia kwenye kiazi anakuacha na vijitundu na uchafu mweusi. Anapitia kwenye nyufa za udongo, kwa hiyo udongo uliokauka na kupasuka ni mlango wazi, udongo wenye unyevu uliofunika viazi kwa sentimita 5 na zaidi ni kinga nzuri kuliko dawa. Siku ya kuvuna usiache viazi vilale nje, na usivifunike kwa majani yake, viwavi wanahama kutoka kwenye majani kuingia kwenye viazi. Wa pili ni utitiri, majani yanakuwa na vidoa vya njano na utando mwembamba chini, huyu anapenda vumbi na joto, pulizia maji kwa nguvu upande wa chini wa majani asubuhi. Ukiona shina linanyauka ghafla likiwa kijani wakati udongo una maji, kata kipande cha shina karibu na ardhi kining'inize kwenye glasi ya maji safi, kikitoa nyuzi nyeupe kama maziwa ni mnyauko bakteria, ng'oa na udongo wake, na hapo usipande tena viazi, nyanya, pilipili wala bilinganya kwa miaka kadhaa. Hata kama hakuna ugonjwa zungusha mazao, miaka 3 ndo urudi pale pale.

Watu huwa wananiuliza pia kuhusu magunia na matairi yaliyopangwa mnara, eti unaongeza udongo na viazi vinazaa ghorofa kwa ghorofa. Mimi siupendi kwa sehemu ya joto, tairi jeusi juani linapika mizizi, na aina za muda mfupi zinajifunga eneo moja tu chini, haziongezi ghorofa yoyote. Kama huna ardhi tumia chombo cheupe au kilichofunikwa, cha lita 40 hivi, kikae panapopata kivuli mchana, na ujue kitataka maji kila siku.

Kuvuna: majani yakianza kuwa njano punguza maji, yakilala kata mashina uache viazi ardhini siku 10 mpaka 14 ngozi ikaze, lakini kama udongo umechemka usivikawize sana, vitaota au kuoza humo. Chimba asubuhi, usivioshe, viweke kivulini pakavu penye hewa vipone michubuko, halafu stoo yenye giza, sehemu ya baridi kuliko zote ulizonazo. Friji sio mahali pake hasa kama ni vya kukaanga, wanga unageuka sukari vinaungua vyeusi.

Sasa hivyo vidogo vyako kuwa mbegu. Hapana, kula. Sio kwa sababu ya udogo wenyewe, mbegu nzuri inaweza kuwa ya gramu 30 mpaka 60 tu, saizi ya yai dogo, shida ni kwamba wewe huwezi kutofautisha kiazi kilichodumaa kwa kiu na kilichodumaa kwa virusi, na virusi vinaletwa na vidukari bila wewe kuona, ukichagua vidogo kila msimu unakuwa unachagua wagonjwa. Isitoshe kiazi kipya kinalala, kinakaa kama miezi 2 mpaka 3 bila kuota hata ukibembeleze. Nunua mbegu iliyothibitishwa, nzima usikate, maana kipande kilichokatwa kwenye udongo wa joto kinaoza au kinakauka kabla ya kuota. Mbegu hiyo ipange kwenye trei sehemu yenye mwanga usio wa jua la moja kwa moja mpaka machipukizi yawe mafupi, manene, ya rangi ya kijani au zambarau, urefu wa sentimita 1 mpaka 2, kisha panda kwenye udongo uliomwagiliwa jana yake. Yakirefuka meupe membamba jua kwamba giza limezidi, hayo yanakatika mkononi. Msimu unaofuata ukitaka kutunza mbegu yako mwenyewe, weka alama na kijiti kwenye mashina mawili matatu yenye afya kuliko yote wakati bado ya kijani, uchukue kwenye hayo tu, ila usizidishe msimu mmoja au miwili kabla hujanunua nyingine.